Michirizi ya Ngozi: Ila au Alama ya Ukuaji?

Mchirizi ni mfereji mdogo upitishao maji. Mvua inaponyesha, maji hujichimbia njia ardhini, na hata baada ya mvua kuanuka, alama yake husalia. Wasemaji wengi wa Kiswahili hulitumia neno hilohilo kuitaja mistari inayojitokeza tumboni, mapajani, matitini na viunoni mwa binadamu. Jina lenyewe halina matusi. Ajabu ni kwamba mwenye michirizi hiyo aghalabu huificha kana kwamba amepatikana na hatia.

Ngozi ina tabaka la nje na tabaka la ndani. Katika tabaka la ndani mna nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi nguvu, na nyuzi za elastini zinazoiwezesha kuvutika na kurejea. Mwili unapopanuka kwa kasi, nyuzi hizo hukatika, nalo kovu hutokea ndani kwa ndani. Homoni nazo huchangia kwa kuzidhoofisha nyuzi hizo. Mwanzoni michirizi huwa myekundu, ya zambarau au ya kahawia iliyokolea, kutegemea rangi ya ngozi, na pengine huwasha. Baada ya miezi au miaka hufifia, ikawa myeupe kiasi na yenye mikunjo midogo.

Ni kosa kudhani kwamba hili ni jambo la wajawazito pekee. Vijana wanaobaleghe huipata wanaporefuka ghafla, wavulana wakiipata hasa mgongoni upande wa chini. Wanaonenepa kwa haraka na wanaonyanyua vyuma huipata pia. Fauka ya hayo, nasaba ina nafasi yake: ambaye mamaye aliipata, yaelekea naye ataipata.

Hebu atazamwe mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili chuoni. Michirizi ilimtokea mapajani tangu akiwa shule ya upili, naye akaapa kutovaa sketi fupi wala kuogelea. Siku moja muuzaji wa vipodozi kibandani alimuuzia mrija wa dawa ya kupaka, akimhakikishia kuwa mwezi hautakwisha kabla ya alama kutoweka. Binti huyo alijinyima chakula cha mchana ili aununue. Mwanzoni ngozi ilikuwa nyororo, ikang'aa, naye akafurahi. Muhula ulipokaribia kwisha, ngozi ilikuwa nyembamba hata mishipa ikaonekana, na michirizi mipya, mipana kuliko ile ya awali, ikajitokeza hadi nyuma ya magoti.

Likizoni nyanyake aliiona.

"Mjukuu wangu, hii si ya kukua. Umejipaka nini?"

"Dawa ya kuiondoa, nyanya."

"Basi twende kwa daktari, na huo mrija uje nao."

Daktari alisoma maandishi madogo ya Kiingereza yaliyokuwa ubavuni mwa mrija. Humo mlikuwa na klobetasoli, steroidi yenye nguvu sana. Dawa hiyo hutibu baadhi ya magonjwa ya ngozi kwa kipimo na muda maalumu. Ikipakwa kiholela kwa miezi mingi, huzuia utengenezaji wa kolajeni na kuidhoofisha ngozi. Kwa hivyo, kilichouzwa kama tiba ya michirizi ndicho kilichoizaa. Mwaka 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, ilhali vipodozi vya hatari vingali vinauzwa kisirisiri.

Je, kuna njia salama? Mafuta ya kakao yamesifiwa kwa miaka mingi, lakini tafiti zilizofanywa Lebanoni na Jamaika miongoni mwa wajawazito hazikuonyesha kwamba yanaizuia michirizi. Tathmini ya mwaka 2012 iliyokusanya majaribio 6 yaliyohusisha wanawake 800 ilifikia hitimisho kama hilo kuhusu dawa za kupaka zilizochunguzwa. Mafuta hulainisha ngozi na kupunguza mwasho, na hiyo ni faida ya kutosha kwa bei yake.

Tretinoini, dawa itokanayo na vitamini A, yaweza kuipunguza michirizi ikiwa bado michanga. Hata hivyo, huwasha ngozi, huhitaji ushauri wa daktari, na mjamzito hapaswi kuitumia. Vilevile kuna miale ya leza na matibabu ya sindano ndogondogo zinazoichochea ngozi kutengeneza kolajeni upya. Matibabu haya hurudiwa mara kadhaa na ni ghali. Ngozi nyeusi, isiposhughulikiwa na mtaalamu anayeielewa, yaweza kubaki na madoa meusi. Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayoifuta michirizi kabisa. Huifanya isionekane sana, basi.

Mara chache michirizi huwa ishara ya maradhi. Ikiwa mipana, ya zambarau, na imeandamana na uso kuvimba, tumbo kunenepa ilhali miguu ni myembamba, na shinikizo la damu kupanda, yamkini mwili una homoni ya kotisoli kupita kiasi. Hali hiyo huitwa kwa jina la daktari Mmarekani Harvey Cushing, aliyeieleza kwa kina mwaka 1932. Mtu kama huyo hahitaji kipodozi bali hospitali.

Wahenga walinena kuwa kizuri hakikosi ila. Huenda hapa hata ila yenyewe haipo, maadamu michirizi mingi ni alama ya mwili uliokua au uliobeba mtoto. Anayetaka kuipunguza ana haki ya kufanya hivyo, mradi ajue anachojipaka. Ujuzi huo hautapatikana iwapo maonyo yataendelea kuandikwa kwa herufi ndogo katika lugha ambayo wanunuzi wengi hawaielewi vyema. Wanafunzi wa Kiswahili hufunzwa tafsiri na uundaji wa istilahi mwaka baada ya mwaka. Mrija wa dawa ya kupaka ni mahali pazuri pa kuanzia kazi.