Kikombe kwenye Msumari



Ndugu zangu wazazi, nilipokuwa mwalimu kijana hapa Namatala alikuja madrasa mtoto yatima. Majirani wakasema wazazi wake walikufa kwa "slim", jina lililopewa UKIMWI hapa Uganda miaka ya 1980. Nikamtengea kikombe chake cha plastiki, nikakitundika kwenye msumari. Sikumtukana. Lakini wenzake walielewa, naye alielewa. Akawa hanywi maji darasani kabisa.

Na elimu ilikuwepo! Chama cha Madaktari Waislamu cha Uganda, kilichoanzishwa 1988, kilianza kuwafundisha maimamu mwaka 1992. Mimi zaidi ya miaka kumi baadaye bado nilikuwa natundika vikombe.

Kirusi hiki kina upana wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Nje kina utando wa mafuta wenye vijiti vya protini, ndani kina nyuzi mbili za RNA. Hakisafiri kwa mate ya kikombe. Husafiri kwa damu, shahawa, majimaji ya ukeni na maziwa ya mama. Pia mama huweza kumwambukiza mtoto tumboni au wakati wa kujifungua.

Wanafunzi huniuliza, mbona mtu anameza vidonge kila siku na haponi? Kirusi hakizaliani peke yake. Hunasa kwenye seli za CD4, walinzi wa mwili, hugeuza RNA yake kuwa DNA, kisha hujipachika ndani ya DNA ya seli. Ni kama mtu achomeke mstari wa uongo katika kitabu cha mwalimu: kila anayenakili, ananakili na uongo. Dawa huzuia kunakili, mstari hazifuti. Ukiziacha, virusi vilivyolala huamka. Ukizimeza vizuri hadi kipimo kisivione tena, na ukaendelea hivyo, humwambukizi mwenzio kwa tendo la ndoa.

Siku hizi ninachokikagua ni wembe: wa kumnyoa mtoto siku ya akika, na kisu cha tohara. Kila mtoto na chake. (Na majirani zetu Wagisu kwenye imbalu vilevile!)

Kikombe kile nilikitoa msumarini mwenyewe. Mtoto alikuwa ameshahama na bibi yake.

Wabillahi tawfiq.