Mlio wa Bunduki

Watetezi wa viwambo vya kuzuia sauti huko Marekani wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: masikio. Mlio wa bunduki hufikia desibeli 160 hivi, na kiwambo kwa kawaida huupunguza kwa desibeli 20 hadi 35 tu. Bunduki isiyosikika kabisa ni ya sinema.

Lakini mimi nimekulia Bukavu. Risasi zilipolia usiku, mama alisikiliza kwanza: zinatoka Kadutu au Ibanda? Ndipo alipojua kama tulale sakafuni au tukimbilie kwa jirani. Redio ilifuata asubuhi. Ondoa desibeli 30, na mtaa wa pili watu hawasikii, au wanasikia wakidhani ni mlango umebamizwa.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 haikupiga marufuku viwambo. Ilidai usajili na kodi ya dola 200, fedha nyingi wakati ule. Tangu Januari 2026 kodi hiyo ni sifuri, usajili umebaki. Kodi siililii. Usajili ndio ningeung'ang'ania, ili polisi wakiokota kiwambo penye maiti wajue pa kuanzia kuuliza.