Mabomba ya fremu na boom ya mshikaji wangu

Najua nimepotea wiki mbili nzima. Msidhani nilikuwa nakesha na vitabu. Nilijiingiza kwenye kesi ya baiskeli, na mpaka usiku huu wa Alhamisi sijatoka.

Iko hivi. Mshikaji wangu wa chumbani hapa Mlimani anajiandaa na triathlon yake ya kwanza: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, kukimbia 10. Maji anayajua, kakulia Tanga. Mbio ndo usiseme. Tatizo baiskeli. Kabana boom mihula miwili, kala wali maharage mpaka muuzaji akawa anamuonea huruma, halafu akapata fremu mbili za mtumba mjini. Moja ina mabomba ya mviringo, ya kawaida kabisa. Nyingine mabomba yake ni kama bawa la ndege, mbele yameviringana, nyuma yamechongoka kama wembe. Bei juu kidogo.

"Wewe si injinia? Nichagulie."

Basi bwana, nikatoa kalamu. Bomba la mviringo lenye unene wa sentimita 3.5 na urefu wa 60, mwendo kilomita 36 kwa saa. Hewa inalizunguka, inashindwa kuufuata mgongo wake, inaachia na kuacha vurugu nyuma inayokuvuta. Hesabu ikaja karibu wati 15 kwa bomba moja tu! Umbo la bawa lenye unene uleule linakula kama sehemu moja ya kumi ya hizo. Nikamwambia chukua bawa, tena haraka. Nilijisikia raha jamani, miaka mitatu ya kitivo hatimaye ina kazi.

Akaiazima kwa majaribio, tukaenda Coco Beach saa kumi jioni. Msimu wa kusi, mnaujua ule upepo. Mita mia za kwanza alikwenda kama mshale. Penye uwazi upepo ukamkamata ubavuni, usukani ukayumba, jamaa akaingia mchangani. Kiwiko kimechubuka vibaya, na fremu ina mkwaruzo ambao mwenye mali kauona kabla hata hatujasalimiana.

Usiku nikarudi kwenye daftari kwa aibu. Upepo wa ubavuni wa kilomita 18 kwa saa ukichanganya na mwendo wako wa 36, hewa inakujia kwa pembe ya nyuzi 27 hivi. Bawa la namna ile likipita nyuzi 15 hewa inaliachia, na faida niliyomuahidi inayeyuka. Halafu ule upana wake wa ubavuni unageuka kuwa tanga. Kibaya zaidi, nilipompelekea mwalimu hesabu zangu akauliza swali moja tu: "Hii hewa safi umeitoa wapi?" Kweli. Bomba la chini liko nyuma ya gurudumu la mbele, la kiti liko katikati ya miguu inayozunguka. Hewa inayafikia ikiwa imeshavurugwa, na mabomba yenyewe yamelala mshazari. Wati 15 zilikuwa za kwenye karatasi.

Wenzetu waligongana na jambo hili zamani. Kwa miaka mingi kanuni za UCI zilizuia bomba kuwa na kina kinachozidi mara tatu ya unene wake. Triathlon haikubanwa hivyo, watu wakachonga watakavyo. Lakini hata Kona, Hawaii, kwenye Ironman, gurudumu la sahani lilipigwa marufuku kwa miaka mingi sababu ya upepo. Mhandisi wa Kijerumani, Wunibald Kamm, alishafanyia kazi magari yenye mkia uliokatwa miaka ya 1930: hewa inapita karibu kana kwamba mkia bado upo. Trek wakaliweka wazo hilo kwenye Speed Concept karibu na mwaka 2010. Ubavu unapungua, na bomba halilegei sana kwenda pembeni ukikanyaga kwa nguvu. Kama hela ingekuwepo, ningemchagulia hilo bila kupepesa macho.

Haipo. Na sehemu kubwa ya ukinzani ni mwili wa mpanda baiskeli, si fremu. Kwa hiyo leo nimemwambia achukue ya mviringo, chenji inunue usukani wa kuegemea viwiko, ajifunze kuinama. Kaniangalia muda mrefu.

"Mara hii una uhakika?"

Nikamwambia Jumamosi saa kumi tunarudi Coco, na mara hii nitaanza kupanda mimi. Ya mkwaruzo nimechangia nusu. Boom yangu nayo ndo hiyo imekwenda, kwa hiyo mkiniona kwenye foleni ya maharage msishangae.