Kasarani: Uwanja wa Furaha na Kumbukumbu

Familia nyingi za Pwani zishukapo garimoshi kutoka Mombasa huenda Eastleigh kununua nguo, au hospitalini kutafuta matibabu, kisha hurejea. Aliye na siku ya ziada jijini Nairobi na afike Kasarani, kando ya Barabara ya Thika, awaonyeshe wanawe uwanja waliouzoea katika televisheni.

Kituo hiki kilijengwa kwa msaada wa China, kikaandaa Michezo ya nne ya Afrika mwaka 1987. Uwanja mkuu ulikusudiwa watazamaji 60,000. Jirani yake upo ukumbi wa michezo ya ndani, bwawa la kuogelea na hoteli. Ni hapa Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, Septemba 2021, akaweka rekodi ya Afrika. Ni hapa pia, Agosti 2025, Morocco ilipoishinda Madagascar 3-2 katika fainali ya CHAN.

Lakini ukuta huu una habari nyingine. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya mabomu, polisi waliendesha msako mkubwa Eastleigh na kwingineko. Maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa Kasarani hadi hati zao zikaguliwe. Walikuwemo kina mama na watoto; walikuwemo raia wa Kenya. Nje ya lango, jamaa zao walisimama wakiulizia habari zao. Mahali palipojengwa ili watu wakusanyike kwa furaha, pakawa mahali pa kuzuiliwa.

Miaka mitatu baadaye, Julai 2017, vijana wa mataifa mbalimbali walishindana papo hapo katika riadha ya dunia ya walio chini ya miaka 18. Siku ya mwisho uwanja ulifurika, na wageni wakashangiliwa sawa na wenyeji.

Mama ampelekaye mwanawe Kasarani siku ya mashindano na afike mapema, apate viti vya familia nzima kukaa pamoja. Na mtoto akiuliza, asimulieni yote mawili, mbio na msako. Haifai kumficha moja ili afurahie jingine. Akue akijua kwamba uwanja wa umma ni wa kila raia, na kwamba langoni pake mtu huingia kwa hiari na kutoka kwa hiari.