Safari ya Kamera ya Chini ya Maji Hadi Mafia

Ukiwa kwenye foleni ya ukaguzi katika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, huenda siku moja ukamwona mbele yako abiria mwenye sanduku dogo lakini zito. Linapoingia katika mashine ya eksirei, mkanda husimama. Ofisa huinamia kioo chake, humwita mwenzake, kisha mwenye mzigo huombwa asogee kando. Usimdhanie ubaya abiria huyo. Sandukuni mwake mna kamera ya kupigia picha chini ya maji, na pengine yeye anaelekea Mafia.

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Machi, papa potwe huonekana karibu na pwani ya Kilindoni wakila uduvi. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Aweza kuzidi meta 12, naye hamdhuru binadamu. Mgongoni na ubavuni ana madoa meupe ambayo hayafanani na ya mwenzake yeyote, kama alama za vidole vyetu. Wataalamu hupiga picha ubavu wake, nyuma kidogo ya matamvua, wakailinganisha na picha za zamani, na kwa njia hiyo zaidi ya potwe mia moja wa Mafia wamekwisha kutambuliwa mmoja mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vya sauti vilivyofungwa kwenye samaki hao, ulionyesha kwamba wengi hawaendi mbali hata katika miezi wasiyoonekana. Basi kamera ikilowa au ikizuiliwa njiani, daftari la potwe hukosa ukurasa, na msimu haumngoji mtu.

Turudi kwenye meza ya ukaguzi. Yule ofisa anaona nini katika kioo chake? Anaona ganda nene la alumini, kioo cha mviringo kama bakuli, mikono ya chuma yenye viungo, nyaya, na mitungi miwili mitatu iliyojaa betri. Kusema kweli, hata mimi ningesimamisha mkanda. Kwa hiyo nakushauri, ikiwa wewe ndiwe mwenye mzigo, ufike mapema, uvitoe vitu hivi mwenyewe kabla hujaamriwa, na ukiulizwa, "Hiki ni nini, ndugu?" ujibu kwa maneno mepesi: "Ni kamera ya kupiga picha chini ya maji, dada, na hili ni ganda lake la kuzuia maji." Majina ya kigeni ya vifaa hivyo waachie wauzaji. Na mzaha juu ya mabomu usiufanye kabisa, hata kama ofisa anatabasamu.

Hofu kubwa ya wapiga picha hawa ni ganda kufunguliwa na mikono ya watu wengine. Kinachozuia maji yasiingie ni oringi, yaani ule mpira mwembamba wa mviringo uliolala katika mfereji wake. Unywele mmoja ukinasa hapo, bahari hupata mlango. Lakini hofu hii ina dawa. Safiri na ganda likiwa halikufungwa kwa kukaza, oringi yake kuu ikiwa imetolewa na kutiwa katika kikopo safi. Ofisa na afungue apendavyo, hakuna atakachoharibu.

Tena ndivyo inavyotakiwa kwa sababu ya pili, ambayo wengi hawaifikirii. Ganda hili limeundwa ili kubanwa kutoka nje. Katika kina cha meta 20 maji huligandamiza kwa nguvu ya kilo mbili hivi kwa kila sentimita ya mraba, kuzidi ile hewa lililofungiwa ndani, na oringi huzidi kukaa imara. Angani mambo hugeuka. Katika ndege kubwa hewa hupunguzwa hadi kulingana na ile ya mlima wa meta 2,400 hivi, na ganda lililofungwa pwani huanza kusukumwa kutoka ndani kwenda nje. Kwenye kioo chenye kipenyo cha sentimita 20, msukumo huo hufikia karibu kilo 80. Ni uzito wa mtu mzima aliyeegemea mlango kutoka upande usiowekewa komeo.

Sasa tuje kwenye betri, ambapo ofisa hana nafasi ya kulegeza, na wala tusimwombe alegeze. Betri za lithiamu zikipata hitilafu huwaka zenyewe, na joto la moja huwasha ya pili. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 iliyokuwa imetoka Dubai ilishika moto angani ikiwa na shehena ya betri za namna hiyo, ikaanguka na kuwaua marubani wake wawili. Tarehe 28 Januari 2025, katika uwanja wa Gimhae huko Korea ya Kusini, moto ulizuka katika kabati la juu ya viti. Ndege ilikuwa bado chini, na watu wote 176 wakatoka hai. Huo ulionekana upesi kwa sababu ulianzia walipo watu. Ndiyo maana betri za akiba huamriwa zikae na abiria, kamwe si katika tumbo la ndege, ambako moto hukua bila shahidi. Amri hiyo inakuhusu hata wewe usiye na kamera, kwa ile betri ya akiba ya kuchajia simu.

Kipimo chake ni wati-saa. Zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa ubavuni. Betri ya kamera yenye volti 7.2 na ampea-saa 2.28 hutoa wati-saa 16.4, nayo haina tatizo. Hadi 100 kwa kawaida huruhusiwa. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza, na za akiba zisizidi mbili. Zaidi ya 160 haipandi na abiria. Taa kubwa za kuangazia bahari ndizo huvuka mpaka: volti 14.8 kwa ampea-saa 12 ni wati-saa 177.6. Betri isiyo na maandishi yanayosomeka usiende nayo, kwa maana ofisa hawezi kupima kwa imani. Ncha zake zizibwe kwa utepe, na taa itenganishwe na betri yake isije ikajiwasha na kuunguza begi.

Na usifungashe vifaa hivi katika mifuko ya plastiki ya kubebea. Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Kitambaa cha pamba kinatosha, na khanga kuukuu inafaa zaidi. Kisu cha mbizi kiende na mzigo wa chini.

Abiria wengi wa Mafia hupita Nyamisati na kuvuka kwa chombo cha majini. Anayeruka hupanda ndege ndogo, ambako mzigo kwa kawaida haupaswi kuzidi kilo 15, tena katika begi laini. Hapo sanduku gumu huwa balaa. Wenye nafasi hulipia kilo za ziada. Wengine huacha sanduku mjini, wakavaa koti la mifuko mingi. Rubani hupima kwa haki, kwa kuwa ndege ya watu kumi na wawili husikia uzito wa kila mtu. Kutoka dirishani utaona maji ya kahawia ya Rufiji yakimwagikia bahari ya buluu.

Ukishuka Kilindoni, usikimbilie mashua. Pumzika kivulini, futa mfereji, paka oringi grisi yake kidogo tu, ulifunge ganda likiwa tupu, kisha ulizamishe katika ndoo ya maji kwa dakika chache. Tafuta mapovu. Yasipotokea, na ndani kukabaki kukavu, tia kamera. Potwe hufuatwa kwa miwani na mrija tu, bila mitungi ya hewa. Lakini ukienda pia kupiga mbizi kwenye matumbawe ya Ghuba ya Chole, wataalamu wa tiba ya mbizi hushauri zipite angalau saa 18 tangu mbizi ya mwisho kabla ya kupanda ndege tena. Saa hizo zitumie kuosha ganda kwa maji baridi na kuchaji betri, ambazo kesho zitapita tena mezani.