Nilishea Klipu ya Staa, Mdogo Wangu Akauza Ng'ombe

Wadau, leo naomba nijianike mwenyewe.

Mwaka jana staa mmoja wa mjini, jina kapuni, alijirekodi ndani ya gari la umeme akitamba: sheli ameshaisahau, dude lake linajichaji lenyewe likiwa barabarani. Emoji za moto kama zote. Mimi nimebanwa kwenye daladala, nikaishea kwenye grupu la familia bila hata kuitazama hadi mwisho.

Kwenye grupu yupo mdogo wangu, bodaboda wa nyumbani Nassa, pale Ginneri kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Hakuandika kitu. Wiki chache baadaye mama akanipigia: "Mdogo wako kauza ng'ombe wawili, kaagiza pikipiki ya umeme." Kwetu Usukumani ng'ombe si mchezo. Ndiyo benki, ndiyo mahari. Wale wawili alikuwa anawatunza ili aoe.

Pikipiki ikafika. Siku ya tatu akapakia abiria wa Lamadi. Chaji ikawa inashuka, yeye anaongeza mwendo, akiamini ikikimbia zaidi ndiyo itajaa. Ikazima. Abiria akashuka, akadandia Noah, nauli hakulipa. Mdogo wangu akasukuma kwenye jua hadi alipopata duka lenye umeme. Kijiweni wakampa jina: Jichaji.

Usiku akanipigia. "Dada, si wewe uliyetuma?" Sauti ya chini kabisa. Bora angenitukana.

Ndipo nikakaa kusoma, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kushea. Chombo cha umeme hakijichaji chenyewe. Ukikamata breki, vingine hurudisha umeme kidogo kwenye betri, ila hiyo ni chenji ya hela uliyokwisha tumia.

Kuchaji huku unatembea kupo kweli, lakini kazi inafanywa na barabara. Koili za waya wa shaba zinafukiwa chini ya lami. Umeme ukipita humo, unatengeneza nguvu ya sumaku. Gari lenye koili yake chini ya tumbo likipita juu, ile nguvu inageuka tena kuwa umeme na kuingia kwenye betri, bila waya kugusana. Kanuni yenyewe Michael Faraday aliionyesha tangu 1831. Gumi, Korea Kusini, walianza kuendesha mabasi ya hivyo mwaka 2013, kwenye njia ya kilomita 24 kwenda na kurudi. Detroit, Marekani, walizindua kipande chao Novemba 2023: kama mita 400 tu. Mita 400 jamani, hapo hata Ginneri hujaimaliza.

Na sisi cha kufanana nacho tunacho. Treni ya SGR, iliyoanza kupeleka abiria Dar hadi Dodoma mwaka 2024, inachukua umeme kwenye waya wa juu huku inakwenda. Hakuna anayesema inajichaji, kwa sababu waya tunauona. Kwenye zile barabara waya umefukiwa, na ndiyo maana ni rahisi mtu kulisifia gari kwa kazi ya barabara. Umeme lazima utoke mahali, na lazima kuna anayelipa. Safari hii alilipa kijana wa Nassa, kwa ng'ombe.

Ng'ombe mmoja nimeshamrudishia, nilikopa kikoba. Wa pili namlipa kidogo kidogo. Yeye anachaji usiku nyumbani, anapiga trip fupi fupi, na anajua kwa hesabu zake ni wapi pa kugeuzia. Petroli hanunui, hilo ni kweli, na pikipiki anaipenda. Harusi ndiyo imesogezwa mbele. Mchumba bado anasubiri, namshukuru Mungu.

Staa naye klipu keshaifuta. Watoto wa mjini wanasema gari lilikuwa la kuazima, mimi simo.

Ila kwenye grupu letu mambo yamebadilika. Nikituma chochote siku hizi, hata video ya mapishi, mama ndiye wa kwanza kujibu: "Mwanangu, na hii inauza ng'ombe wangapi?"