Sanda Sandukuni

Bibi yangu mzaa mama, kijijini Kiswere, alikuwa na sanduku chini ya kitanda, na ndani yake sanda yake mwenyewe: bafta nyeupe, kafuri, udi na chupa ya marashi. Kila Ramadhani ikiisha aliianika uani, akaikagua isiwe imeliwa na mende. Wajukuu hatukushtuka. Wazee wengi walikuwa na akiba ya namna hiyo, na hakuna aliyeiita uchuro.

Faida yake niliiona mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, nguo zilipoadimika nchi nzima. Sabuni kwa foleni, khanga kwa mgao, bafta ya kuzikia kwa barua ya balozi wa nyumba kumi. Akafariki jirani yetu mvuvi, duka la kijiji tupu, na maiti haingoji. Bibi akafungua sanduku. Mwanamume huvikwa nguo tatu, mwanamke tano, zikabaki mbili. "Hizi mtanisitiri nazo," akasema, "zikipungua, mkeka upo." Watoto wa marehemu walichukua muda mrefu kuilipa bafta ile, lakini hawakupita mlangoni petu na samaki bila kuacha kitoweo.

Habari za msiba nazo zilikwenda polepole. Vijiji vya jirani alitumwa kijana kwa miguu. Wa Dar es Salaam walisikia kwenye matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, kama redio ina betri. Masika barabara haipitiki, na pantoni ya Rufiji ina mambo yake. Basi ndugu walifika kuanua tanga, wengine arobaini. Ila wakifika, walikaa.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, lami ikaja vipande vipande, kisha simu na M-Pesa. Leo mtu akikata roho alfajiri, adhuhuri mchango umeshaingia. Alasiri wamezika, kesho yake wageni wako garini. Siutamani ule uhaba, Mungu atuepushe nao. Lakini mfiwa anabaki na nyumba tupu mapema mno, na kwa hilo mchango haumsaidii.

Mjomba mmoja wa Mbagala alizoea kutuma pesa bila kufika. Alipomleta mkewe kuzikwa, vijana walichimba kaburi bila kinyongo, ila njiani mtani wake akalala mbele ya jeneza, akadai ada ya misiba yote aliyoitoroka. Mjomba akatoa simu kumrushia.

"Na salio langu halipokei," akasema mtani, bado kalala. "Taslimu!"

Ikabidi mjomba akope kwa wachimba kaburi.